Msprusi Bustanini: Kuutambua, Kuuchagua na Kuupa Nafasi Yake

Ukitaka kujua kama aliyeupanda msprusi, mti wa nchi za baridi wenye majani membamba kama sindano, alifikiri vizuri kabla ya kuchimba shimo, usitazame kilele. Tazama matawi ya chini. Mti uliopewa nafasi huwa umevaa majani mpaka ardhini, matawi yamelala juu ya nyasi kama shuka lililotandazwa. Uliobanwa huwa shina tupu hadi kimo cha mtu, na juu yake majani machache yaliyochakaa. Tofauti hiyo hailetwi na mbolea wala dawa. Huanzia siku ya kupanda, kwa sababu tawi la msprusi likishapoteza sindano zake zote halichipui tena. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kuchagua mti na kupima nafasi. Kazi ya jembe lenyewe ni ya saa chache.

Hatua ya 1: Hakikisha ni msprusi kweli

Misprusi ni miti ya jenasi Picea, yenye spishi zipatazo 35, na ni ndugu wa misonobari. Kwao ni nusu ya kaskazini ya dunia: misitu ya baridi inayozunguka pande za ncha ya kaskazini, na milima inayopata theluji. Mti huu unapenda usiku wa baridi na majira marefu ya mapumziko. Penye joto mwaka mzima utadumaa, na huduma yoyote haitabadilisha hilo. Mahali kama hapo panda mti mwingine.

Wengi huuchanganya na msonobari, au na miti ya jenasi Abies inayofanana nao sana kwa mbali. Kwa karibu vidole vinatosha. Chuma sindano moja uiviringishe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Sindano ya misprusi mingi ina pande nne, hivyo inaviringika bila taabu. Ya Abies ni bapa na inakataa kuzunguka. Msonobari nao unatoa sindano kwa mafungu, mara nyingi mbili, tatu au tano kutoka sehemu moja, ilhali msprusi unazitoa moja moja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kitawi kilichopukutisha. Kila sindano ya msprusi hukaa juu ya kigingi kidogo cha mti, na ikidondoka kigingi hubaki. Pitisha kidole juu ya kitawi kikavu: kinakwaruza kama tupa. Kitawi cha Abies ni laini, kina makovu ya mviringo tu. Kipimo hiki hakikosei hata kwa spishi chache za msprusi zenye sindano bapa, na kinafaa hata kwa mti uliokwisha kufa.

Koni, yaani vichwa vya magamba vinavyobeba mbegu, nazo zinasema. Za msprusi uliokomaa huning'inia zikielekea chini, kisha huanguka nzima. Za Abies husimama wima juu ya tawi na kusambaratika hukohuko. Kwa hiyo ukiokota koni nzima chini ya mti, huo si Abies.

Hatua ya 2: Chagua mti kwa ukubwa wake wa uzeeni

Kwenye kitalu misprusi yote hufanana: piramidi ndogo ya kijani inayokufikia kifuani. Usinunue kile unachokiona. Nunua kile kitakachokuwepo baada ya miaka 30.

Msprusi wa Norwe, Picea abies, ndio unaokua upesi. Mti mchanga wenye udongo mzuri unaweza kurefuka nusu mita au zaidi kwa mwaka. Porini hupita mita 40. Bustanini kadiria mita 12 hadi 18 za urefu, na upana wa mita 7 hadi 9. Huo upana ndio unaosahauliwa. Ukishazeeka, vitawi vyake huning'inia kutoka kwenye matawi makuu kama pindo za pazia, na koni zake ndizo ndefu kuliko za misprusi mingine, sentimita 9 hadi 17. Ni mti wa uwanja mpana, wa shamba, wa mstari wa kuzuia upepo. Katika ua mdogo utameza kila kitu, na mwenye nyumba ataanza kuukata.

Msprusi wa buluu, Picea pungens, unatoka Milima ya Rocky nchini Marekani, na jimbo la Colorado liliuchagua kuwa mti wake rasmi mwaka 1939. Sindano zake ni ngumu na zinachoma kwelikweli, basi usiupande kando ya njia ya miguu wala pale watoto wanapochezea. Rangi yake ya buluu ni nta iliyofunika sindano. Miche inayotokana na mbegu hutofautiana sana, mingine huwa ya buluu na mingine ya kijani tu. Anayetaka buluu ya hakika anunue mche uliopandikizwa, yaani kitawi cha mti wa buluu kilichoungwa juu ya shina la mche mwingine, kama aina ya 'Hoopsii'. Mti huu hufikia mita 9 hadi 18 kwa upana wa mita 3 hadi 6.

Niseme wazi: unapandwa kupita kiasi. Rangi yake inavuta jicho kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo mmoja unatosha, nao uwekwe mahali ambapo unataka jicho liende. Mitatu iliyotawanyika bustanini inagombana. Tena penye hewa nzito na unyevu mwingi ndio unaoshambuliwa zaidi na ukungu nitakaoutaja mbele.

Kwa nafasi finyu, ushauri wangu ni msprusi wa Serbia, Picea omorika. Asili yake ni eneo dogo la bonde la mto Drina, kati ya Serbia na Bosnia, na mtaalamu wa mimea Josif Pančić aliupata huko mwaka 1875. Ni mwembamba kama mnara. Matawi yanashuka kisha yanapinda ncha kwenda juu, na sindano zake bapa zina mistari miwili myeupe upande wa chini, hivyo upepo ukipita mti wote unametameta. Hustahimili hewa ya mjini kuliko nduguze wengi. Nashangaa kila mara kwa nini hauulizwi zaidi vitaluni.

Msprusi mweupe, Picea glauca, wa misitu ya kaskazini mwa Amerika, ni mgumu wa kuvumilia baridi kali, upepo na ukame wa muda. Hauna madoido, lakini hufanya kazi. Msprusi wa mashariki, Picea orientalis, kutoka Caucasus na kaskazini-mashariki mwa Uturuki, una sindano fupi sana zenye kung'aa, milimita 6 hadi 8 hivi, na ukitaka mti mrefu wa kutazamwa kwa karibu huo una utulivu ambao wa buluu hauna. Msprusi mweusi, Picea mariana, huishi hata kwenye ardhi ya kinamasi ambako mingine huoza mizizi. Wa Sitka, Picea sitchensis, uache msituni: ni jitu la pwani yenye mvua ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, linalokaribia mita 100, na mbao zake ndizo zilizotumika kuundia ndege za mwanzo na hutumika kwa nyuso za magitaa.

Kisha kuna vibete. 'Conica', maarufu kwa umbo la koni lisilohitaji mkasi, ulipatikana Alberta nchini Kanada mwaka 1904 na hukua sentimita 5 hadi 10 tu kwa mwaka. 'Nidiformis' ni wa Norwe uliotanda chini, wenye kibonde katikati kama kiota cha ndege. Hii ndiyo ya kupanda karibu na ukuta wa nyumba au kwenye bustani ya mawe. Kumbuka tu kwamba kibete hakiachi kukua. Kinakwenda polepole, na baada ya miaka 30 'Conica' inaweza kukupita kimo.

Hatua ya 3: Pima nafasi kabla ya kununua

Chukua kamba yenye urefu wa nusu ya upana wa mti mzima. Funga ncha moja kwenye kijiti mahali pa shimo, kisha zunguka na ncha nyingine ukichora duara ardhini. Kwa msprusi wa Norwe wenye upana wa mita 8, kamba ni mita 4. Simama nje ya duara utazame. Je, linagusa ukuta, njia, paa la jirani, waya wa umeme? Kama linagusa, mti ni mkubwa mno au mahali si pake. Zoezi hili la dakika 10 linaokoa miti mingi kuliko dawa zote dukani.

Jua ni lazima. Wa buluu unataka jua la kutwa. Wa Norwe, wa Serbia na mweupe huvumilia kivuli cha sehemu ya siku, ila upande wa kivuli utakuwa mwepesi. Udongo uwe wenye tindikali kidogo, unaoshika unyevu lakini usiotuamisha maji. Ukitaka kuujua, chimba shimo la sentimita 30, ulijaze maji, yakiisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakibaki humo siku nzima, inua kitanda cha udongo au tafuta mahali pengine.

Jambo jingine ni mizizi. Ya msprusi hutambaa karibu na uso wa ardhi, hasa penye udongo mzito au maji ya karibu, na mti mrefu unaosimama peke yake penye upepo unaweza kung'olewa mzima mzima. Usiupande pale ambapo ukianguka utaangukia chumba cha kulala.

Hatua ya 4: Amua mti utafanya kazi gani

Kuzuia upepo ndiyo kazi ambayo msprusi huifanya vizuri kuliko miti mingi, kwa sababu una majani mwaka mzima na umefunika mpaka chini. Mstari mzuri hupunguza kasi ya upepo kwa umbali unaofikia hata mara 10 ya urefu wake. Miti ya mita 12 italinda mita 120 nyuma yake, ulinzi ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Panda upande unakotoka upepo wa baridi, ukate mwelekeo wake. Safu mbili zilizopishana, mche hadi mche mita 3 hadi 4, ni bora kuliko safu moja iliyobanana. Usitafute ukuta usiopenya hewa. Upepo uliozibwa kabisa hurukia juu na kushuka kwa vurugu upande wa pili, ilhali uliochujwa hupoa. Na penye theluji, kumbuka kwamba hurundikana nyuma ya safu hiyohiyo, basi isiwe karibu na barabara wala mlango.

Kusitiri ua ni kazi inayofanana, na kosa lake ni moja: watu hubananisha miche mita moja moja wakitaka faragha mwaka huohuo. Baada ya miaka 12 matawi ya katikati yamekosa mwanga, yamekufa, na faragha imetoweka pale hasa jicho la mtu linapofika. Kama hutaki kungoja, panda kwa nafasi sahihi na ujaze mapengo kwa vichaka vya muda utakavyoving'oa.

Kama mti wa pekee, uache uwe na uwanja wake. Usiuzungushie maua. Chini yake ni pakavu na penye kivuli mwaka mzima, karibu hakuna kinachostawi, na hakuna haja. Matawi yakigusa ardhi hufunika kila kitu yenyewe, na magugu hayapati nafasi. Hata sindano zilizodondoka ziache hapohapo. Tawi la chini lina thamani nyingine ambayo wengi hawaijui: likilala juu ya udongo wenye unyevu huweza kuotesha mizizi na kuwa shina jipya. Kwenye mlima wa Fulufjället nchini Sweden kuna msprusi wa Norwe uitwao Old Tjikko. Shina linaloonekana si la kale sana, lakini mti wenyewe umekuwa ukijifufua kwa njia kama hiyo, na mabaki ya mti yaliyopatikana chini yake yalipimwa kuwa na umri wa miaka 9,500 hivi. Ukilikata tawi la chini ili kupitisha mashine ya nyasi, fikiria kwanza unachokiondoa.

Rangi nayo ipangwe. Wa buluu hung'aa mbele ya kijani kizito, au karibu na miti inayogeuka manjano na nyekundu kabla ya kupukutisha. Wa Serbia unapendeza kwa vikundi vya mitatu au mitano, urefu ukipishana. Usiupange msprusi mrefu kusini mwa madirisha penye majira ya baridi ya kaskazini, maana utakunyima jua dogo lililopo.

Hatua ya 5: Panda

Panda mapema majira ya kuchipua kabla machipukizi hayajafunguka, au mwanzoni mwa majira ya majani kupukutika, ili mizizi ishike kabla ardhi haijaganda.

Chimba shimo lenye upana mara mbili hadi tatu ya bonge la mizizi, lakini kina kisizidi bonge lenyewe. Kwanza tafuta pale shina linapotanuka kuingia mizizini. Kitaluni sehemu hiyo mara nyingi imefukiwa. Fukua taratibu mpaka uione, kwa sababu hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa sawa na uso wa ardhi, au juu yake kidogo. Msprusi uliozamishwa haufi leo. Hudhoofika kwa miaka, mwenyewe akitafuta ugonjwa ambao haupo.

Mche wa kwenye chombo, nyoosha mizizi iliyozunguka au ikate wima sehemu tatu nne. Wa gunia, yaani ule ambao bonge lake la mizizi limefungwa kwa gunia, uweke shimoni kwanza, kisha kata kamba zote na ondoa gunia na waya wa juu kadiri unavyoweza. Rudisha udongo uleule uliochimba. Mboji nyingi ndani ya shimo huifanya mizizi ibaki humo kama iliyo ndani ya chungu. Mwagilia ukiwa katikati ya kujaza, malizia, mwagilia tena. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 10 kwa upana wa mita moja kila upande, na acha nafasi ya kiganja kati yake na shina. Nguzo ya kuegemeza ni ya penye upepo mkali tu, na iondoke baada ya mwaka mmoja.

Misimu miwili ya kwanza, loweka udongo mara moja kwa wiki mvua isiponyesha, na ipe mizizi maji ya kutosha kabla ardhi haijaganda. Msprusi hupoteza maji kupitia sindano hata wakati wa baridi. Ukiingia baridini na kiu, utatoka na kahawia upande wa upepo. Mbolea mwaka wa kwanza si lazima.

Hatua ya 6: Mkasi, kwa tahadhari

Msprusi ulio mahali pake hauhitaji kupogolewa. Ukitaka kuujaza, punguza chipukizi laini za mwaka huo mwanzoni mwa kiangazi, au kata juu ya kichipukizi cha pembeni. Usivuke kuingia kwenye sehemu isiyo na sindano.

Kilele kikigawanyika viwili, ondoa kilicho dhaifu mapema. Kikivunjika, chukua tawi changa la juu kabisa, lisimamishe kwa kijiti kilichofungwa kwenye shina, na baada ya mwaka mmoja au miwili litakuwa kilele kipya. Kwenye 'Conica' ukiona tawi lenye sindano ndefu linalochomoka kwa kasi, likate shinani siku hiyohiyo: mti unataka kurudi ukubwa wa wazazi wake, na tawi hilo litaumeza.

Hatua ya 7: Soma dalili

Sindano za ndani za miaka mingi kugeuka kahawia na kudondoka ni kawaida. Ncha za matawi zikibadilika, au upande mzima, chunguza.

Sindano zimefifia, zina vidoadoa vya manjano na utando mwembamba? Shika karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Huu hupenda hali ya ubaridi, basi angalia mwanzo wa kuchipua na majani yanapopukutika, si katikati ya joto. Maji yanayorushwa kwa nguvu, yakirudiwa kila baada ya siku chache, huondoa wengi. Kwa msprusi wa buluu usikimbilie mafuta ya kunyunyizia: yanavua nta, na buluu yako inaondoka hadi sindano mpya zitoke.

Sindano zikigeuka zambarau hadi kahawia kuanzia matawi ya chini na ndani, kisha ugonjwa ukapanda juu, chukua kioo cha kukuzia. Sindano yenye afya ina safu za vidoti vyeupe, ambavyo ni matundu yake ya hewa. Vikiwa vyeusi, ni ukungu wa Rhizosphaera. Acha kumwagilia majani, fungua hewa kati ya miti, na dawa ya shaba ipulizwe sindano mpya zikiwa nusu ya urefu wake, kisha tena wiki 3 hadi 4 baadaye, kwa miaka isiyopungua miwili. Wa Norwe huustahimili vizuri.

Tawi zima la chini likifa huku likitoa utomvu mweupe uliokauka kama nta ya mshumaa, huo ni ugonjwa wa Cytospora, unaopenda miti ya makamo iliyodhoofishwa na ukame. Hauna dawa. Kata tawi siku kavu, safisha mkasi, rudi kwenye maji na matandazo. Vivimbe vinavyofanana na nanasi dogo kwenye vitawi ni kazi ya wadudu jamaa wa vidukari. Vikate vikiwa kijani, kabla havijafunguka.

Unga wa kahawia chini ya shina na matundu madogo kwenye gome ni habari mbaya zaidi. Mbawakavu wa gome, Ips typographus, waliangamiza misitu mikubwa ya misprusi Ulaya ya kati baada ya ukame wa mwaka 2018. Mti ulioshambuliwa hivyo huwa hauponi. Uondoe haraka kabla hawajaruka kwenda kwa jirani yake.

Ukirithi mti uliopandwa vibaya

Hili ndilo swali la wengi: msprusi mkubwa, karibu na nyumba, chini uko wazi, juu umejaa. Usikate kilele. Utatoa vilele vitatu vinavyoshindana, vimeshikamana vibaya, na jeraha linaloingiza uozo. Usiukate ubavu mmoja ukitegemea utajaza.

Amua kama mti unabaki au unaondoka. Ukibaki, uinue kwa makusudi: ondoa matawi yaliyokufa mpaka kwenye kola ya shina, ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, pandisha mstari uwe sawa pande zote, kisha nje ya kivuli chake, pale matone ya mvua yanapoangukia, panda vichaka vinavyovumilia ukame na nusu kivuli vifunike uwazi. Kama umeinama ghafla, au udongo upande mmoja umenyanyuka na kupasuka, mizizi imeanza kuachia. Usikae chini yake, na mwite mkata miti mwenye vifaa kabla ya upepo unaofuata.